Namba yangu 142857

Mjini Baraka, Jumanne jioni

Sikudanganya. Mwalimu wa hesabu alisema kila mmoja achague namba ya tarakimu sita, aizidishe kwa mbili hadi sita. Nilichagua 142857, niliyoipata siku moja nikigawanya moja kwa saba. Mara mbili ni 285714, mara tatu ni 428571. Tarakimu ni zilezile, zinahama nafasi tu.

Akanipa sifuri. “We Furaha, uliandika ovyo. Kesho utakuja kuandika kwa tablo, pale ubaoni, darasa lote likuone.” Nikishindwa, siendi Uvira kwenye mashindano ya hesabu.

Nilimweleza mama akichambua ndagala, visamaki vya ziwani. Akacheka: “Hiyo namba iko na kiburi! Inakataa kubadilika.”

Mimi sikucheka. Mwalimu akiniambia nizidishe kwa saba, jibu ni 999999. Nani ataamini?

Halafu nikajaribu nane: 1142856. Saba imepotea! Kisha nikaondoa ile moja ya mbele, nikaijumlisha na 142856 iliyobaki.

142857. Imerudi.

Bado ninaogopa tablo. Lakini kesho, kabla mwalimu hajasema lolote, nitamwomba anipe nane nizidishe.