Injini ya Petroli katika Gari la Kioko

Jumatatu, tarehe 3
Asubuhi nimeandika barua mbili za wateja: moja ya mpaka wa shamba, moja ya karo. Saa tano nikafunga meza yangu ya Kitengela, nikaenda Kisaju kwa fundi Mutua. Injini ya dizeli ya gari la ndugu yangu Kioko imeng'olewa. Imelazwa juu ya tairi kuukuu, imepasuka ubavuni. Ya petroli itaingia kesho. Gari lina kitanda na jiko. Shemeji Ndunge, mjane wake, anakusudia kulikodisha kwa wageni wanaokwenda kulala Magadi. Hana tegemeo lingine.

Mutua alinitania: "Mzee wa barua, hii ya petroli haitaki kubembelezwa na Kiswahili. Inataka plagi."

Jumatano, tarehe 5
Kitabu cha gari kingali na jina la Kioko. Pasipo ombi la mwenyewe, injini mpya haitasajiliwa, na gari halitaruhusiwa barabarani. Njia ya mirathi ni ndefu. Kwa hiyo nimeandika kwa nafsi yake: "Mimi, Kioko, niliye hai na mwenye akili timamu, naomba kwa unyenyekevu..." Sentensi imesimama barabara. Nikaiga sahihi yake.

Naona fahari. Naona pia aibu, lakini fahari ilitangulia.

Alhamisi, tarehe 6
Mutua ameiwasha. Tanki limeoshwa, petroli ni mpya. Injini ikanguruma kama ile ya dizeli. Mngurumo ule ule mzito, moshi mweusi. Akazima, akachomoa ufunguo. Ikaendelea.

"Mzee, niko na miaka ishirini kwa hii kazi. Waya za plagi nimetoa zote. Bado inapiga."

Ilinyamaza yenyewe, kwa wakati iliotaka.

Jumamosi, tarehe 8
Ndunge alikuja na ndoo kusafisha gari. "Shemeji, nani amesukuma kiti nyuma?"

Hakuna. Mimi ni mfupi, Mutua ni mfupi. Kioko alikuwa mrefu. Nikakivuta mbele. Baada ya chakula cha mchana kilikuwa nyuma tena. Godoro lilikuwa limebonyea kwa urefu, kama limelaliwa na mtu kwa ubavu.

Ndunge hakulia. Aliuliza niliandika nini katika karatasi ya kusajili injini. Nikampa. Akaisoma akiwa amesimama.

"Umemwita."

Nikamweleza kwamba huo ni utaratibu tu wa maandishi.

"Wewe hujawahi kuandika kitu ya bure, shemeji. Watu wanakuja kwako kwa sababu ukiandika, inakuwa."



Jumapili, tarehe 9
Sikwenda kanisani. Naogopa.

Jumatatu, tarehe 10
Ombi la uongo nimelichana. Nimeandika lingine, la mirathi, refu na lenye viambatisho. Litachukua miezi. Nilimwomba Ndunge msamaha kwa kumcheleweshea riziki. Alisema: "Nitafulia watu nguo. Afadhali hiyo, kuliko kuendesha gari na yeye ndani hajui aende wapi."

Neno "marehemu" nimeliandika kwa mamia ya watu. Katika tangazo la mazishi ya Kioko niliandika "aliyetutangulia", nikajisifu kwa ufasaha. Leo nimeandika: "marehemu Kioko, ndugu yangu". Kalamu ilisimama hapo. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikamaliza.

Jumanne, tarehe 11
Kisaju, asubuhi. Ndunge alitaka ombi lisomwe kwa sauti kando ya gari. Nikalisoma lote, pamoja na tarehe ya kifo. Mutua aliweka spana chini, akavua kofia. Kisha akawasha. Sauti nyepesi ya petroli, safi. Akazima, ikazima.

"Sasa iko sawa," akasema, akaenda kunawa mikono.

Ndunge naye akaondoka. Mimi nilibaki karibu na mlango wa dereva kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Upepo ulikuwa mdogo. Hakuna kilichosogea ndani.

Nilikuwa natumaini kitasogea.