Ufunguo wa Kisanduku cha Chai

Mtaa wa Milsom,
Bath.
12 Novemba, 1774

Mpendwa kaka Septimus,

Salamu tele kutoka kwetu sote. U hali gani huko Kalkuta, na ile homa imekuachia? Sisi tu wazima, ila mama na miguu yake tu. Kaa kitako kwanza, maana nina habari nzito.

Barua yangu iliyopita, kama imekufikia, ilikueleza kifo cha shangazi Arabella. Basi ujue aliuawa, kwa sumu ya panya iliyotiwa kwenye chai. Na kwa kuwa sinia ililetwa na Tabitha, huyu huyu aliyetulea mimi na wewe, alitiwa jela angoje kitanzi. Nililia mpaka macho yakavimba.

Aliyemshtaki ni Bibi Corbyn, mjane wa kanali, mgeni aliyeingia kwa shangazi na sanduku moja akaishia kushika nyumba nzima. Maneno yake asali tupu. Shangazi alimpenda hata akamrithisha nyumba.

Jana Bibi Corbyn alifika mbele ya hakimu amevaa nyeusi, akalia vizuri sana. Hakimu akamwuliza kama Tabitha alikuwa na tabia ya kudokoa. Unawajua mabibi wa Bath: watu wawaseme kwa lolote, ila wasiseme hawajui kutunza nyumba.

"Adokoe nini, mheshimiwa?" akajibu. "Kisanduku cha chai nakifunga mwenyewe, majani nayatia birikani mwenyewe, na ufunguo hauniachi kiunoni hata nikilala. Kazi ya Tabitha ni maji ya moto tu."

Nilijikuta nimesimama. Nikaomba kisanduku kiletwe. Daktari aliyeitwa na hakimu akatupa majani yake juu ya makaa, na chumba kizima kikanuka kitunguu saumu, ndiyo harufu ya sumu ile ikiungua. Bibi Corbyn akaufunika ufunguo kwa kiganja, lakini sote tulikwisha kuuona. Njia ya mwongo fupi, kaka. Kumbe hata kanali hakuwapo. Mumewe yu hai, anatengeneza nywele za bandia Bristol.

Tabitha amerudi nyumbani! Nimefurahi hata sijui nijiweke wapi. Leo asubuhi nilimketisha penye moto, nikammiminia chai kwa mkono wangu. Akaitazama, kisha akasema taratibu, "Anza wewe, mwanangu."

Nikanywa. Alingoja mpaka nikamaliza kikombe, ndipo akashika chake.

Nisalimie wifi Honoria na mdogo wetu Jasper. Mama anakuombea usiku na mchana. Mungu akufunike kwa mkono wake, akurudishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ng'ambo ya bahari zote,
Philippa