Picha ya Gauni la Kijani

Jumanne, mtoto ameshalala

Kumbe sura yangu inatumiwa kuibia watu, na mimi sina habari.

Leo mwanaume mmoja alinikuta soko la Owino, kwenye meza yangu ya mitumba, akanisogezea simu usoni. "Dada, si ni wewe huyu? Nimekutumia pesa tuonane, halafu ukazima simu!"

Nikatazama. Ni mimi kweli, nimevaa lile gauni la kijani nililolitangaza Fesibuku. Gauni likivaliwa linauzika haraka, ndiyo maana huwa nayavaa magauni ninayouza mwenyewe. Mwizi ameichukua picha, akaandika kwamba mimi ni Sandra, natafuta mchumba, na anayetaka kuniona atangulize kitu kidogo.

"Kaka, mimi ni mke wa mtu. Peleka hiyo simu polisi."

Mama Neema wa meza ya pili akacheka mpaka akashika kiuno. "Sandra wetu! Bwana harusi amefika!" Hadi jioni wabeba mizigo walikuwa wananiita Sandra.

Yule mwanaume aliposadiki kwamba si mimi niliyemwibia, hata pole hakusema. Aliuliza jina langu la kweli, eti nauli ameshatumia. Nikamgeukia mteja mwingine.

Nikaogopa maneno ya sokoni yatamfikia mume wangu kabla yangu, basi nikamweleza mwenyewe alipotoka kazini. Akaiangalia picha muda mrefu, kisha akauliza, "Na hapa ulikuwa unamchekea nani?"

Picha ile aliipiga yeye. Nilikuwa namchekea yeye.