Vikonyo vya Mkorosho wa Marui

Visiga, Kibaha
Jumapili, tarehe 7 Desemba

Baba yangu,

Leo nakueleza yote, hata kosa langu, hata yale ambayo ungeyacheka. Sitaficha kitu.

Tangu tulipokuzika mwezi wa tano, kitalu hakijafungwa. Kila asubuhi mama anapanga miche pembeni ya barabara, michungwa mbele, mikorosho nyuma, kama ulivyokuwa ukipanga wewe. Wateja wako bado wanauliza, "Mzee yuko wapi?" Mama anawajibu, "Hayupo," halafu anawauliza wanataka miche mingapi. Kofia yako iko kwenye msumari wake. Hakuna aliyesema isiguswe, lakini hakuna anayeigusa.

Sasa habari yenyewe. Baba Mkubwa anajenga Marui, na msingi wa nyumba ukapita pale pale uliposimama mkorosho wako, ule uliokuwa unakata vikonyo vyake, vile vijiti vya kubebeshea, kila mwaka. Nililia mbele yake. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, sina kiwanja kingine, na nyumba haiwezi kukaa juu ya mti." Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mbegu ya mkorosho ukiiotesha inakuja na tabia nyingine, kwa hiyo usipobebesha kikonyo chake juu ya mche mwingine, mti umekwisha. Niliona kama wewe unakufa mara ya pili.

Nikasema nitabebesha mimi.

Mwezi wa kumi nilikata vikonyo kumi, nikavileta Visiga ndani ya kanga mbichi. Mama aliponiona navichomeka na majani yake yote kwenye miche, alisema, "Baba yako alikuwa anayapukutisha hayo." Nikamjibu kwamba shuleni tumefundishwa, jani ndilo jiko la mmea, ndimo chakula kinamotengenezwa kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Sasa kikonyo ni kigonjwa, kimekatwa, unakinyang'anyaje jiko lake? Mama alinitazama, akasema, "Haya, msomi," akaenda kumwagilia.

Baba, havikumaliza wiki mbili. Majani yalinyauka kwanza, halafu vijiti vikawa vyeusi. Vyote kumi. Mama hakunicheka. Ningefurahi kama angenicheka.

Jibu nililipata darasani. Mwalimu wetu wa baiolojia alifunga mfuko wa plastiki kwenye tawi la mti wa shule asubuhi, na kufika mchana ndani yake kulikuwa na matone ya maji. Mwanaidi, yule rafiki yangu mwenye maneno, akapaza sauti, "Mwalimu, kumbe mti nao unatoka jasho kama mjomba wangu!" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Mwalimu alieleza kwamba jani lina vitundu vidogo sana, na likivifungua ili liingize hewa ya kutengenezea chakula, maji nayo yanatoka. Yakitoka juu, mengine yanavutwa kutoka chini, kutoka kwenye mizizi, yanapanda kwenye vijia vyembamba ndani ya shina mpaka yafike kwenye jani.

Vikonyo vyangu havikuwa na mizizi. Majani yalitoa maji yote, na hapakuwa na pa kuvuta mengine. Nilivikausha mwenyewe, huku nikidhani navilisha.

Hapo ndipo nilipokukumbuka uko chini ya mkorosho na mimi niko juu, wiki nzima kabla ya kukata, unanielekeza nikate majani nibakize vikonde vyake vifupi, vile vishikio vya majani. Ulisema, "Huyu mtoto hana miguu, usimwachie midomo mingi." Nilicheka tu. Nilidhani unanichangamsha ili nisichoke. Kumbe ulikuwa unanifundisha, na mimi nilikuwa nahesabu siafu.

Nilirudi Marui na mama, nikamwomba Baba Mkubwa asubiri. Fundi alikuwa ameshafika na kamba zake. Baba Mkubwa alinung'unika, "Wiki moja. Siyo wiki moja na siku." Nikapanda, nikayaondoa majani kwenye matawi kumi na mawili. Nikapita kaburini kwako, nikakusomea Fatiha, nikaondoka haraka, niliona haya.

Jumamosi iliyofuata vile vikonde vilikuwa vimedondoka vyenyewe na macho, yale ya kuchipua, yamevimba. Nikakata. Jumatatu mkorosho ukaangushwa. Sasa hakuna pa kurudi.

Nilitumia kisu chako. Mama akanishikia mche. Nilichonga kikonyo kama kabari, nikakichomeka kwenye mche niliopasua, kijani cha kikonyo kikagusana na kijani cha mche, nikakaza nailoni, nikavisha juu vifuko vya plastiki, vile vya kugandishia barafu. Ni wiki ya tatu leo. Saba vimekuwa vyeusi. Vitano bado vibichi, na kimoja kimetoa vijani viwili vyekundu, laini kama sikio la mtoto mchanga. Nilimwita mama kwa sauti mpaka akadhani nimeumwa na nyoka. Alichuchumaa pale, akasema, "Angekuwepo." Basi.

Lakini naogopa, baba. Mwalimu anasema kikonyo huwa na akiba ndogo ya chakula ndani yake, kinaweza kuchipua kwa akiba hiyo kabla hakijaungana na mche. Nikifungua mapema, kitakauka. Nikichelewa, nailoni itakikaba. Mama hajui, kazi hiyo hukumwachia mtu. Nakumbuka ulikuwa unaweka kidole gumba kwenye kiungo, unafumba macho kidogo, unasema, "Huyu tayari," na hukukosea. Mimi nimeweka kidole changu pale pale kila siku na sisikii chochote.

Mche huu mmoja ukipona, naahidi utapandwa Marui, mbele ya nyumba mpya. Baba Mkubwa ameshanionyesha mahali. Na miaka yote nitakayoishi, nitakata vikonyo vyake nivibebeshe.

Lala salama, baba yangu. Mwenyezi Mungu akupe kivuli. Ila hili nijibu upesi, hata kwa ndoto, maana kesho asubuhi nitakuwa tena kitaluni: ulikuwa unasikia nini pale kwenye kidole?

Mwanao,
Sikudhani