Majina Uliyoahidi Kuyaficha

Mwalimu,

Nilitaka kukuandikia siku chache tu baada ya mazishi, nikueleze jinsi watu walivyojaa hata wengine wakasimama ndani ya shamba la chai la jirani. Barua hiyo ingekuwa ya machozi. Nashukuru sikuiandika. Hii ya leo ni ya hasira, na kama huko uliko watu husoma, utaisoma mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyonichukua. Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani Wamagana nachuma chai ya mama. Wewe, mwalimu wangu wa historia wa sekondari, ulikuwa umestaafu ukarudi chuo kikuu uzeeni kutafuta shahada ya uzamivu. Ulikuja na lile koti lako la mvua, ukasimama katikati ya mistari ya chai, ukasema, "Wangeci, natafuta mtu anayejua kusikiliza. Kuandika nitamfundisha mwenyewe." Ulitaka kujua jambo moja: kwa nini kijiji kizima hupiga kura kama mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ni nani.

Wenzako wa chuo walikuwa na majibu tayari. Kabila. Chama. Wimbi la kisiasa. Ulicheka. Ulisema wimbi haliingii kwenye boma la mtu bila mtu kulifungulia lango, na wewe ulikuwa unamtafuta huyo wa lango.

Mwaka mzima tulitembea, mimi na daftari, wewe na maswali. Ulinikataza kumuuliza mtu alimpigia nani kura. "Muulize aliamkaje siku hiyo. Alivaa nini, alitembea na nani, nani alimsalimia njiani." Na watu walisema. Nyumba baada ya nyumba, hadithi ilikuwa ile ile. Neno halikutoka kwa mbunge wala kwa chifu. Lilitoka kwa mwenyekiti wa mradi wa maji, yule anayeshika ufunguo wa koki kubwa kule juu karibu na msitu, mahali maji yanapogawanywa. Wiki moja kabla ya kura alikuwa anasema, bila hata kuinua sauti, "Safari hii tunaenda hivi." Na watu wanaenda hivyo, kwa sababu kila mtu ana ng'ombe, na ng'ombe hanywi ahadi.

Kabla ya kila mazungumzo uliweka mkono kifuani. "Jina lako litabaki kwangu. Kwenye kitabu utakuwa nambari tu." Tuliingia nyumba arobaini na moja. Nilikusikia ukisema hivyo mara arobaini na moja, na kila mara niliamini.

Siku ya Mama Muthoni ndiyo inayonirudia. Alitupa chai na nduma za kuchemsha jikoni kwake, akafunga mlango ingawa nje hakukuwa na mtu, halafu akasema polepole, "Mimi nilimpigia yule msichana wa mifugo." Yule daktari wa mifugo aliyesimama kugombea wadi dhidi ya mkwe wa mwenyekiti. Wote tulijua alishindwa vibaya. Ukamuuliza kwa nini. Akasema ng'ombe wake alikuwa amekwama kuzaa, mvua inanyesha, na msichana yule akalala kwenye matope, mkono ndani mpaka begani, mpaka ndama akatoka. "Mwenyekiti hajawahi kuchafua shati juu yangu," akasema.

Tukishuka ule mteremko ulikuwa unarudia maneno yale kama mtoto aliyefundishwa wimbo. Ulisema ndiyo sentensi uliyoitafuta maisha yako yote. Ukateleza, ukakaa chini kwenye tope mzima mzima, koti na yote, na tukacheka mpaka mbwa wa watu wakaanza kubweka. Nilikupenda siku hiyo, Mwalimu. Kama baba.

Halafu presha ikakuangusha ukipogoa chai yako. Siku tatu hospitalini Nyeri, basi. Kwenye mazishi mwenyekiti ndiye aliyeshika kipaza sauti muda mrefu kuliko mchungaji. Alikuita rika lake, mliotahiriwa msimu mmoja. Alilia kwa sauti. Mimi nilikuwa nyuma na mama nikasema moyoni, mnafiki huyu, angejua kilichoandikwa kumhusu.

Angejua! Ona nilivyokuwa mjinga.

Kiangazi kilipoingia, maji yakakatwa kwenye nyumba nne. Majirani wote walikuwa na maji, hizo nne tu hazina. Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya muda ya ualimu huko Mweiga. Mama akanipigia simu. "Kuja nyumbani. Watu wanakuongea, na si mazuri."

Nilimkuta Mama Muthoni akipanda kutoka mtoni, mtungi wa maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na lile goti lake bovu. Nilinyoosha mikono nimpokee. Akasogea kando kama mtu anayekwepa upupu.

"Ulikunywa chai yangu," akaniambia. Akapumua. "Wewe na mwalimu wako mlikunywa chai yangu, mkaenda mkaniuza."

Fundi wa maji alikuwa amekuja na spana, akafunga laini yake, akamwambia akicheka, "Mama, enda uombe maji kwa msichana wa mifugo."

Unaelewa, Mwalimu? Maneno yale yalisemwa jikoni, mlango umefungwa, mbele ya watu watatu. Mmoja alikuwa amezikwa. Mmoja alikuwa amebeba mtungi mbele yangu. Aliyebaki ni mimi.

Nilijua sikusema. Basi nikamtafuta wa kulaumu, na nikamshukia mwanao Wahome. Nilienda kwenu nikamwita mwizi wa karatasi za babake mbele ya mamake. Alileta sanduku lako, akalifungua mezani, akasema nitoe kila kitu nihesabu. Madaftari yote yalikuwapo, yale niliyoandika kwa mkono wangu, nambari tupu bila majina. Orodha peke yake, ile inayosema nambari hii ni mtu fulani, haikuwapo. Wahome akaniambia, "Hiyo sijawahi kuiona. Baba hakutuonyesha." Mkeo alikuwa analia. Nilitoka bila hata kuaga.

Nikaenda kwa mwenyekiti mchana kweupe, ofisini kwake kando ya tangi la maji. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nitamwita mwizi, nitamwambia nitampeleka polisi. Alinisikiliza yote. Akanifungulia soda. Halafu akavuta droo, akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, akazigeuza nizione vizuri.

Mwandiko wako. Ile "g" yako yenye mkia mrefu. Nambari kushoto, majina kulia, na kando ya kila jina maneno machache ya alichosema. Juu kabisa umeandika: *Kwa Mwenyekiti, kama tulivyokubaliana.*

"Mimi si mwizi, msichana wangu," akasema. "Nilipewa na mwenyewe."

Akanieleza bila haya. Tulipomaliza nyumba kumi za kwanza alikuita. Akakuambia hakuna mlango mwingine utafunguliwa upande huu mpaka yeye ajue watu wanasema nini. Na wewe ukakubali. "Mwalimu alikuwa mtu wa kuelewa," akasema. "Alijua huwezi chimba kisima kwa shamba ya mtu na umnyime maji ya kuonja."

Nyumba kumi, Mwalimu. Maana yake kutoka nyumba ya kumi na moja ulikuwa unaweka mkono kifuani ukijua. Kwa Mama Muthoni uliuweka ukijua. Ulipokaa kwenye tope tukicheka, wewe ulikuwa unacheka nini?

Nimejaribu kukutetea, usidhani sijajaribu. Nimesema labda ulitaka asome aone aibu, abadilike. Nimesema labda ulimwamini kwa sababu ni rika lako, na kweli, ulipokuwa hai hakumgusa mtu hata mmoja. Alingoja uzikwe. Pengine hiyo ndiyo heshima yenu ya rika. Lakini wewe hukufikiria kwamba utakufa? Mtu wa miaka sitini na nane, na vidonge vya presha mfukoni? Uliwaachia watu wale nini cha kuwakinga?

Na usiniambie hukuwa na njia nyingine. Ulikuwa na njia. Ungeacha. Ungerudi nyumbani na nyumba zako kumi, ukose hiyo shahada, uwe mwalimu mstaafu kama wengine, na Mama Muthoni angekuwa na maji. Lakini ulikitaka kitabu. Ulikitaka kuliko ulivyotupenda sisi tuliomo ndani yake.

Nikikueleza nilichofanya utakasirika, na mimi nitafurahi.

Nilirudi kwenye zile nyumba zote. Jumamosi nne, kwa miguu, wakati mwingine kwenye manyunyu. Kila mlango nilisema maneno yale yale: orodha ipo, mwenyekiti anayo, aliyempa ni Mwalimu, na aliyeandika majibu yenu ni mimi. Sikuongeza "samahani" haraka. Niliwaacha waseme kwanza. Mmoja alinifungulia mbwa. Mmoja alinikalisha, akanipa uji, akaniambia nisirudi tena. Na Mzee Githinji, yule tuliyemsifu kwa kuwa na majibu marefu, alicheka mpaka akakohoa. "Mimi niliwadanganya yote," akasema. "Mtu akikuja na kalamu unamwambia ile kitu haitakuletea shida." Kurasa kumi na mbili za huyo mzee, Mwalimu. Ulizipigia mstari kwa wino mwekundu.

Halafu siku ya mkutano wa mwaka wa wanachama wa maji ikafika, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mwenyekiti alisoma ripoti yake. Akauliza kama kuna swali, kwa ile sauti ya mtu asiyengoja swali. Mama Muthoni akasimama.

"Niko na neno," akasema. "Kura ni siri. Yangu iliibiwa. Sasa wacha niitoe mimi mwenyewe, ndio mtu asinitishe nayo tena. Nilimpigia yule msichana wa mifugo. Na nitampigia tena. Haya, endeleeni kufunga maji."

Kisha Mzee Githinji akajiinua na bakora yake. "Hata mimi." Sijui kama ni kweli, huyo hata mbele za Mungu atajibu mambo ya kumpendeza. Lakini alisimama. Akasimama mwingine, hata mimi, na mwingine. Halafu pembeni yangu nikasikia sauti ninayoijua, nikageuka, na ni mama yangu mwenyewe. "Hata mimi." Mwaka mzima nilienda kuuliza watu wa nje, na huyu nikilala nyumbani kwake, sikuwahi kumuuliza.

Mwenyekiti aligonga kipaza sauti, akasema hayo hayako kwenye ajenda. Hawakukaa. Walidai ufunguo wa koki utoke kwake, na ukatoka. Sasa uko na watu watatu, mmoja wa kila laini, na hawawezi kufungua wala kufunga mpaka wawe pamoja. Nyumba zote nne zilipata maji kabla ya wiki kwisha.

Lakini pale mkutanoni mwenyekiti alipouliza nani hamtaki tena kama mwenyekiti, mikono iliyoinuka ilikuwa michache, niliihesabu kwa macho mara moja tu. Wale wale waliosema "hata mimi" waliangalia nyasi. Bado ni mwenyekiti. Bado anasalimiwa kwanza. Na unajua nilichofikiria pale pale, kabla ya kusikia uchungu? Nilifikiria, Mwalimu angetoa kalamu sasa hivi. Nilichukia kwamba bado unafikiri ndani ya kichwa changu.

Wahome nilimwomba msamaha mbele ya mamake, vile vile nilivyomtukana. Amenisamehe, yeye ana moyo kuliko sisi wawili. Mama Muthoni ana maji. Kanisani ananipita bila kuniangalia. Sijamlazimisha. Ana haki yake.

Msimamizi wako chuoni ameniomba nimalizie utafiti wako, eti iwe heshima ya mwisho. Nimekubali, na hii ndiyo ahadi yangu kwako. Nitaondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu: ng'ombe, jiko, goti, mteremko, hata yale maneno uliyoyapenda kuliko yote. Kurasa za Mzee Githinji nitazitupa. Na nitaongeza sura moja ambayo hukuandika, kuhusu mtu anayekuja kuuliza nani ana nguvu kijijini, na yeye mwenyewe amebeba nguvu kuliko wote kwenye mkoba wake. Sura hiyo nitaisoma kwanza pale uwanjani, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, kabla ya profesa yeyote kuiona. Wakisema nitoe kitu, nitatoa. Wakisema nisichapishe, sitachapisha. Lakini wewe ndani yake nitakutaja kwa jina lako, na la babako.

Jana nimepita kaburini kwenu. Mkeo amepanda maua, na majani yameanza kumea pembeni, nikayang'oa kwa sababu mikono haikuwa na kazi. Nilitaka kukuambia haya kwa mdomo, nikaona heri niyaandike.

Lala, Mwalimu. Nakulilia bado, na sijakusamehe.

Wangeci