Pawa Saplai Niliyoichagua Mimi

Jumatatu, 9 Novemba 1998. Mvua, ziwa halionekani.

Ochieng, nimekwenda sokoni Awasi. Uji uko kwenye thamosi. ~~Kompyuta mpe fundi achukue vyuma.~~ Usiitoe kompyuta.

Kwenye maombi ya asubuhi nilisema mbele ya wote kwamba michezo yako ndiyo iliyoiunguza kompyuta. Ukatoka bila chai. Baadaye nikafungua daftari langu la masomo ya jioni ya kompyuta. Mwalimu alituambia tujumlishe wati za kila kifaa, lakini ile kadi ya michezo iliyo ndani ya kompyuta sikuihesabu. Ndiyo maana nilinunua pawa saplai, kile kifaa cha kuipa umeme, yenye nguvu ndogo mno, ikazidiwa ikaungua. Mungu anisamehe, hiyo ndiyo kompyuta mliyokuwa mkichezea na marehemu baba yako.

Dada yako Dorca na jirani Mama Nasambu wamenisikia nikisema kwa sauti: "Jioni nitamwomba mwanangu msamaha mbele ya wote walionisikia nikimwaibisha."

Mama yako