Yule Rafiki wa Dukani

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini sina mwingine wa kumwambia. Naogopa, Baba.

Tangu tukuzike, Kaka Hamisi ndiye anayechonga vigari, pia za kuzungusha na wanasesere pale kibandani kwako Msambweni. Mimi nikavifungulia duka mtandaoni, duka la watoto wenyewe. Mtoto akigusa kioo cha simu, kigari kinabingirika. Akizungusha kidole, pia inazunguka na kuvuma. Mwanasesere anabadilishwa leso apendavyo. Mjukuu wako Mejumaa ndiye aliyekuwa akinijaribia kila kitu. Akicheka, najua nimepatia.

Kisha nikakosea. Kijana wa Ukunda aliyenisaidia kuliunda aliniambia, "Dada, wape watoto mahali pa kupiga stori. Watarudi kila siku." Nikakubali. Wewe hukumuuzia mtoto hata pia moja kabla ya kumwuliza, "Umekuja na nani, mwanangu?" Mimi sikuuliza.

Jumanne asubuhi, nikimfunga viatu, Mejumaa akasema, "Mama, leo rafiki yangu wa dukani atakuja kunichukua shule. Ana pia kubwa!" Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikamwambia afanye haraka.

Saa nne maneno yake yakanirudia, nikayafungua mazungumzo yake ya mle dukani. Huyo rafiki alikuwa amemwuliza jina la shule. Rangi ya sare. Nani humfuata mchana. Na mtoto amejibu yote, kwa adabu, kama tulivyomfunza.

Nilikimbia, Baba. Kiatu kimoja kilinitoka barabarani, sikukirudia. Nilimkuta darasani anachora. Nikamkumbatia mpaka akalalamika kuwa namuumiza. Mwalimu wake akanivuta kando. "Mama Mejumaa, kuna mtu alipiga simu asubuhi. Alisema ni mjomba wake, akauliza darasa la pili hutoka saa ngapi."

Mejumaa hana mjomba ila Hamisi. Na Hamisi hakupiga simu yoyote.

Polisi wameandika maelezo. Mtu mwenyewe hajulikani. Ile sehemu ya mazungumzo nimeifunga, na sasa mtoto hanunui kitu mpaka mzazi akubali kwa simu yake. Lakini kila pikipiki ikipunguza mwendo mlangoni, nakimbilia dirishani.

Tena si Mejumaa peke yake. Mtu huyo aliongea na watoto tisa wengine mle ndani. Nimeshawapata wazazi wa sita, wa Diani, Kikoneni, hata Jego. Mama mmoja alinitukana; ana haki. Wazazi wa watatu waliobaki simu zao hazipokelewi. Shule za watoto hao nazijua, kwa kuwa wenyewe waliziandika. Naye anazijua.

Pumzika, Baba. Mola akutilie nuru kaburini. Nakuahidi: kesho namwachia Hamisi mtoto, nami naenda shule hizo tatu, moja baada ya nyingine. Sirudi nyumbani mpaka niwaone wote watatu kwa macho yangu.

Mwanao,
Mwanamisi